Daktari Nani? Kitendawili cha Mwaka 1963 Ambacho Bado Hakijateguliwa



Muhula huu tunajifunza vitendawili. Utaratibu mnaujua sasa. Mmoja anasema "Kitendawili!" na wengine wanajibu "Tega!" Anatega, wanakisia. Wakishindwa, mtegaji anadai, "Nipeni mji." Wanampa Mombasa, au Kigoma, au Bukavu, naye baada ya kuufaidi mji wake anatoa jibu.

Wakati wa mapumziko nawasikia watoto wa darasa la wakubwa wakibishana, tena kwa Kiingereza, juu ya kitendawili kingine kabisa. Ni kile cha Doctor Who, yule msafiri wa televisheni anayezunguka katika nyakati na sayari kwa kibanda cha buluu. Yeye ni nani hasa? Alizaliwa wapi? Jina lake la kweli ni lipi? Mmoja ana nadharia hii, mwingine ana ile, na chai inapoa. Nimeona kuliko kuwanyamazisha, tuulete ubishi wao ndani ya Kiswahili. Wazazi ambao hamjawahi kukitazama kipindi hiki, msiogope, nitaanza mwanzo kabisa.

Kitendawili kilivyotegwa

Ilikuwa Jumamosi jioni, tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy wa Marekani kuuawa, na wiki tatu hivi kabla ya Kenya kupata uhuru. BBC ilionyesha sehemu ya kwanza ya mchezo mpya wa televisheni. Aliyeutaka mchezo huo uwepo ni Sydney Newman, Mkanada aliyekuwa mkuu wa michezo ya kuigiza hapo BBC. Mtayarishaji alikuwa mwanamke kijana, Verity Lambert, na mwongozaji wa hadithi ya kwanza alikuwa Waris Hussein, kijana aliyezaliwa Lucknow, India.

Hadithi inaanzia shuleni. Walimu wawili wa London, Barbara na Ian, wana mwanafunzi aitwaye Susan ambaye anawatatiza. Anajua sayansi na historia kupita umri wake, lakini anakosea mambo ambayo kila mtoto wa Uingereza anayajua. Kwa mfano, anachanganya hesabu ya pesa za Uingereza za wakati ule. Walimu wanaamua kumfuata nyumbani. Anwani yake inawafikisha kwenye uwanja wa vyuma chakavu, na katikati ya vyuma kuna kibanda cha simu cha polisi, cha rangi ya buluu. Wanaingia ndani na kukuta ukumbi mzima. Kibanda hicho ndicho TARDIS, chombo cha kusafiria: nje ni kidogo, ndani ni kikubwa.

Mwenye chombo ni mzee mmoja mkali, babu yake Susan. Anaitwa Daktari tu. Kwenye lango la uwanja ule limeandikwa jina Foreman, basi Ian anadhani hilo ndilo jina la mzee na kumwita hivyo. Mzee anashangaa, maana hilo si jina lake. Jina la kipindi lenyewe ni swali: Daktari nani?

Walichoambiwa watazamaji siku ile ni kidogo sana: kwamba mzee na mjukuu wake ni watu waliotengwa na kwao, kutoka wakati mwingine na dunia nyingine. Basi. Mtegaji wa kawaida huwa na jibu mfukoni kabla hajatega. Hapa kitendawili kilitegwa na watu ambao wenyewe hawakuwa na jibu kamili. Kwa hiyo kila aliyekuja kuandika baada yao aliongeza lake, na watazamaji nao hawakuacha kukisia.

Sura mpya, mtu yuleyule

Mwaka 1966 mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, afya yake ilikuwa imedhoofika na ikabidi aache. Badala ya kukimaliza kipindi, watayarishaji walifanya jambo la ajabu: Daktari alianguka chini akiwa na sura moja, akaamka na sura nyingine, ya mwigizaji Patrick Troughton. Baadaye ikaelezwa kwamba watu wa kwao wana uwezo huo. Mwili ukichoka au ukijeruhiwa vibaya, wanageuka na kupata mwili mpya, lakini kumbukumbu zinabaki.

Mwaka 1969 tukaambiwa jina la watu wake: Mabwana wa Wakati. Tukaambiwa pia kwamba aliwakimbia, na chombo chake alikiiba. Mwaka 1973 ndipo sayari yao ikapewa jina, Gallifrey. Angalieni hesabu hiyo. Ilichukua miaka 10 kujua anatoka wapi, na hapo jina lake mwenyewe bado hatujalijua.

Nadharia kubwa za mashabiki

Nadharia ni maelezo ambayo mtu anayajenga ili kuunganisha mambo aliyoyaona. Mashabiki wa Daktari wamejenga nyingi. Nitataja nne ambazo zina mzizi ndani ya kipindi chenyewe.

*Ya kwanza: ana nyuso zilizofichwa.* Mwaka 1976, katika hadithi ya The Brain of Morbius, Daktari anashindana na adui kwa nguvu za akili. Kwenye kioo cha mashine zinaonekana nyuso zake tunazozijua, kisha zinafuata nyuso nane ambazo hatujawahi kuziona. Waliovaa mavazi na kupigwa picha hizo walikuwa watu wa kazini hapohapo, waandishi na watayarishaji. Lakini ndani ya hadithi, nyuso hizo ni za nani? Wako waliosema ni za Daktari kabla ya yule mzee wa 1963. Wengine wakasema hapana, ni za adui Morbius. Ubishi huo ulidumu zaidi ya miaka 40.

*Ya pili: ni mmoja wa waasisi wa Gallifrey.* Mwishoni mwa miaka ya 1980, mhariri wa miswada Andrew Cartmel aliona kwamba Daktari amekuwa mtu anayejulikana mno, siri imemwisha. Yeye na waandishi wake wakaanza kudondosha vidokezo kwamba Daktari ni zaidi ya Bwana wa Wakati wa kawaida. Kipindi kilisimamishwa Desemba 1989 kabla vidokezo havijafika popote. Wazo likahamia kwenye riwaya. Katika Lungbarrow ya Marc Platt, iliyotoka mwaka 1997, Daktari anaunganishwa na mtu wa kale wa Gallifrey ambaye jina lake limepotea.

*Ya tatu: ni chotara.* Filamu ya televisheni ya mwaka 1996, iliyoigizwa na Paul McGann, ilisema kwamba mama yake Daktari ni binadamu. Mashabiki wengi walikasirika. Wengine walifurahi, wakasema ndiyo maana anaipenda sana dunia yetu. Kipindi kiliporudi mwaka 2005 hakikulijenga wazo hilo, likabaki linaning'inia.

*Ya nne: jina lake lina hatari.* Mwaka 2008 alitokea mwanamke aitwaye River Song ambaye alimnong'oneza Daktari jina lake la kweli sikioni. Yeye alilisikia, sisi hatukulisikia. Mwaka 2013 ikaja sehemu iliyoitwa The Name of the Doctor, na watu wakadhani leo ndiyo leo. Haikuwa hivyo. Badala ya jina, tulionyeshwa sura nyingine aliyokuwa ameificha, ya mwigizaji John Hurt: Daktari aliyepigana vita na kuona kwamba hastahili tena kuitwa Daktari. Miezi sita baadaye, tarehe 23 Novemba 2013, hadithi yake ilionyeshwa kwa wakati mmoja katika nchi 94.

Namna ya kuipima nadharia

Mimi kazi yangu ya wiki ni uuguzi, na wodini kuna sheria moja ambayo inafaa sana hapa. Kwenye faili la mgonjwa tunaandika tulichokiona, tulichokipima na alichotuambia mwenyewe. Tunachokidhani tunakiweka mbali nacho. Mgonjwa akiwa na homa, naandika joto la mwili wake na saa niliyolipima. Siandiki "ana malaria" kwa sababu tu ametoka safari ya Mwanza. Huenda ni malaria kweli, na nitamwambia daktari kuhusu safari hiyo haraka, lakini kipimo ndicho kitakachosema. Dhana ikiingia kwenye faili ikiwa imevaa nguo za ukweli, atakayekuja zamu ya usiku ataiamini, na mgonjwa ndiye atakayeumia.

Basi ninyi mnapobishana, jiulizeni maswali matatu.

La kwanza: tumeona nini kwa macho yetu? Katika ubishi wa zile nyuso nane, tulichokiona ni nyuso kwenye kioo wakati watu wawili wanashindana. Kwamba ni za Daktari ni hatua ya pili, na hatua ya pili inahitaji ushahidi wake.

La pili: kuna ushahidi unaopinga? Ulikuwepo. Mwaka huohuo wa 1976, hadithi ya The Deadly Assassin ilisema Bwana wa Wakati anaweza kugeuka mara 12 tu, yaani miili 13 kwa jumla. Kama Daktari ana nyuso nane zaidi huko nyuma, hesabu inavunjika. Mwenye nadharia ya nyuso zilizofichwa hawezi kulifumbia macho jambo hilo. Lazima alijibu.

La tatu: ni kitu gani kikitokea nitakubali kwamba nimekosea? Kama hakuna kitu kama hicho, hiyo si nadharia tena, ni imani kama ya mtu na timu yake ya mpira. Hakuna ubaya kuwa na timu, lakini tusiite timu ushahidi.

Waandishi wenyewe wanajua kwamba mashabiki wanapenda kukisia, na wakati mwingine wanawatania. Mwaka 2024 alitokea mwanamke tajiri mwenye kampuni, aitwaye Susan Triad. Jina la kwanza ni la mjukuu wa Daktari. Ukichukua herufi ya S na kuiunganisha na Triad, kisha ukazipanga upya, unapata TARDIS. Wengi wakasema, huyu hapa mjukuu amerudi! Hata wahusika ndani ya hadithi walifikiri hivyo. Kumbe ulikuwa mtego, na aliyeutega alikuwa adui wa zamani, Sutekh.

Msimu huohuo kulikuwa na fumbo la msichana Ruby Sunday, aliyeachwa mlangoni mwa kanisa akiwa mchanga, mkesha wa Krismasi. Mama yake ni nani? Kwa wiki kadhaa mashabiki walipendekeza miungu, malkia, hata Daktari mwenyewe. Jibu lilipokuja, mama alikuwa msichana wa kawaida aliyejifungua akiwa na miaka 15, akaogopa. Hana nguvu wala siri ya sayari nyingine. Baadhi ya watazamaji walivunjika moyo. Mimi niliona hilo ndilo jibu bora kuliko yote yaliyopendekezwa, kwa sababu mtoto hahitaji mama awe malkia ili swali lake liwe kubwa.

Mtoto aliyeokotwa

Tarehe 1 Machi 2020 kipindi kilijaribu kutoa jibu kubwa. Sehemu hiyo inaitwa The Timeless Children. Inasema kwamba zamani sana, mwanamke wa Gallifrey aitwaye Tecteun alimkuta mtoto peke yake, kwenye sayari ya mbali, chini ya lango lililofunguka kuelekea pasipojulikana. Akamchukua akamlea. Siku moja mtoto alianguka kutoka juu akafa, na palepale akageuka mwili mpya. Tecteun akamchunguza kwa miaka mingi mpaka akaipata siri ya uwezo huo, akajipa mwenyewe na watu wake. Kwa maneno mengine, Mabwana wa Wakati waliupata uwezo wao kutoka kwa mtoto wa kuokota. Kisha wakamfutia kumbukumbu zake. Mtoto huyo ni Daktari.

Basi wale waliosema nyuso nane ni za Daktari wakapata haki yao baada ya miaka 44, maana zilionyeshwa tena katika sehemu hiyo. Hesabu ya miili 13 nayo haikumhusu tena kwa namna ileile, kwa kuwa yeye ndiye chanzo chenyewe. Lakini angalieni: kitendawili hakikuisha. Kilisogea tu. Nyuma ya lile lango kuna nini? Mtoto alitoka kwa nani? Hapo hatujaambiwa.

Mashabiki waligawanyika, na wanaendelea kugawanyika hadi leo. Wapo wanaosema waandishi wamemharibu: zamani alikuwa mtu wa kawaida wa kwao aliyeamua kuwa mwema, sasa amefanywa mteule. Wapo wanaosema hapana, sasa ndiyo amekuwa mtu ambaye watoto wengi wanaweza kujiona ndani yake: mtoto aliyelelewa ugenini, ambaye wengine walichukua kilicho chake na kumwachia pengo.

Pande zote mbili zina hoja. Nikiulizwa mimi, nasema hivi. Wahenga wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mara nyingi tunaitumia methali hiyo kumsifu mlezi, lakini inamhukumu pia. Tecteun alimwokota mtoto, hilo ni jema, kisha akamfanya chombo cha utafiti. Kulea ni pamoja na kumwambia mtoto ukweli wake kadiri umri wake unavyoruhusu. Wazazi, hasa ninyi mnaolea watoto wa ndugu zenu, na tunao wengi katika jumuiya yetu, nadhani mnaelewa ninachosema.

Kuna mwanafunzi aliyeniuliza swali ambalo hakuna shabiki mkubwa angeliuliza vizuri zaidi: "Mwalimu, kama Daktari hajui alikotoka, yote aliyoyafanya ni ya nani?" Jibu ni kwamba ni yake. Kumbukumbu zilifutwa, lakini watu aliowasaidia hawakufutwa. Ndani ya hadithi yenyewe Daktari anaumia sana kwa habari ile, kisha anasimama na kuendelea na kazi. Alichojifunza kinaongeza kitu kwenye maisha yake. Hakipunguzi.

"Yeye" wetu

Mwaka 2017 Daktari aligeuka kuwa mwanamke kwa mara ya kwanza katika mfululizo, Jodie Whittaker. Waingereza walilazimika kubadili kiwakilishi, na wengine walikasirika kwa sababu ya hilo. Sisi wa Kiswahili hatukuwa na kazi hiyo. Jaribuni: "Daktari aliingia kwenye kibanda chake, akafunga mlango." Sentensi hiyo ni ya Hartnell na ni ya Whittaker, hakuna neno la kubadilisha. Watoto, mkiulizwa Kiswahili kina nini ambacho Kiingereza hakina, mna mfano mmoja hapo.

Januari 2020 akatokea Jo Martin, mwanamke mweusi, naye akawa Daktari ambaye Daktari mwenyewe hakumkumbuka. Na kuanzia mwisho wa mwaka 2023 nafasi ikashikwa na Ncuti Gatwa. Yeye alizaliwa Kigali, Rwanda, mwaka 1992. Familia yake ilikimbia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 na kufika Scotland, ambako alikulia. Rwanda ni jirani yetu, na tangu mwaka 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake rasmi. Kwa hiyo yule aliyetengwa na kwao, wa mwaka 1963, alikuja kuigizwa na mtu aliyebebwa kutoka kwao akiwa mtoto mdogo. Katika hadithi yake ya Krismasi ya mwaka 2023, Daktari anamwambia Ruby kwamba naye ni mtoto wa kulelewa, na kwamba amelijua hilo karibuni tu. Mwaka 2025 kukawa na hadithi iliyoandikwa na Inua Ellams, mzaliwa wa Nigeria, ambayo inatokea kwenye kibanda cha kinyozi jijini Lagos. Wazazi, hiyo itazameni pamoja na watoto. Kila aliyewahi kusubiri zamu kwa kinyozi huku watu wakipiga soga ataielewa.

Tarehe 31 Mei 2025 Gatwa aliondoka. Mwili uligeuka, na sura iliyotokea ilikuwa ya Billie Piper, ambaye miaka 20 nyuma aliigiza Rose, rafiki wa Daktari. Majina yalipopita mwishoni, jina lake liliandikwa bila kusema kwamba yeye ndiye Daktari. Mnaweza kufikiria wenyewe nadharia zilizozaliwa usiku ule.

Jina la kupewa na jina la kuchuma

Wengine wananiuliza kwa nini jina la Daktari lisitajwe tu, yakaisha. Kwetu jambo hili halipaswi kuwa geni. Ni watoto wangapi hapa wanalijua jina la kuzaliwa la Mama Salma au Baba Juma wanayemsalimia kila wiki? Mtu anapata mtoto, jina la mtoto linakuwa jina lake, na la zamani linabaki kwenye pasipoti. Bibi zetu wengine wana jina la nyumbani, jina la shule na jina la utani, na kila moja linajulikana na watu wake.

Daktari alijichagulia lakabu, na lakabu hiyo imebeba ahadi: kuponya, kutodhuru, kutomwacha mtu. Ndiyo maana alipopigana vita alilivua jina hilo. Methali yetu inasema jina jema hung'ara gizani. Jina lake la kuzaliwa likitajwa kesho, litakuwa neno tu. Lile alilolichuma ndilo linalotuambia yeye ni nani.

Na sisi tunaye shujaa wetu wa kubishaniwa. Fumo Liyongo, jitu na mshairi wa pwani ya kaskazini ya Kenya, wataalamu hawajakubaliana aliishi karne gani, na wengine wanauliza kama hadithi zote zinazosimuliwa juu yake ni za mtu mmoja. Utenzi wake mashuhuri uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Ubishi haujampunguza Liyongo. Umemweka hai.

Kwa nini nimeandika haya

Watoto wetu wanaulizwa swali la Daktari karibu kila wiki: unatoka wapi? Wakijibu Birmingham au Reading, wanaulizwa tena: hapana, unatoka wapi *hasa*? Na nyumbani, baadhi ya familia zina mapengo. Kuna babu asiyetajwa, mji ulioachwa usiku, picha ambayo hakuna anayesema ni ya nani. Mtoto akikuta pengo hukisia, na mtoto anayekisia peke yake mara nyingi hukisia jambo baya kuliko ukweli wenyewe.

Wodini nimewahudumia wazee wahamiaji waliopoteza kumbukumbu. Lugha ya ugenini inaondoka kwanza, wanabaki na ile ya utotoni. Wanaita majina ya watu na mitaa, na mjukuu amekaa pembeni ya kitanda hajui ni majina ya nani, wala hana lugha ya kuuliza. Daktari alifutiwa kumbukumbu na watu wabaya. Sisi hatuhitaji mtu mbaya, inatosha kuahirisha tu.

Kwa hiyo, watoto, endeleeni kubishana juu ya Daktari, ila mbishane kwa Kiswahili na mlete ushahidi. Na wazazi, kama kuna kitendawili nyumbani kwenu ambacho jibu lake mnalo, msingoje kupewa mji.

Maneno ya wiki

*Nadharia*: maelezo yanayojengwa ili kuunganisha mambo yaliyoonekana.
*Dhana*: jambo unalolifikiria tu, bila uthibitisho.
*Ushahidi*: kinachoonyesha kwamba jambo ni kweli.
*Kutegua*: kufumbua kitendawili, au kufungua mtego.
*Lakabu*: jina ambalo mtu amejipa au amepewa, mbali na jina la kuzaliwa.
*Kuokota*: kuinua kitu au kumchukua mtu uliyemkuta ameachwa.

Kazi ya nyumbani

Darasa la wadogo: chora kibanda ambacho nje ni kidogo na ndani ni kikubwa, kisha taja kwa Kiswahili vitu vitano vilivyomo ndani.

Darasa la wakubwa: chagua nadharia moja juu ya Daktari. Andika sentensi tatu za ushahidi unaoiunga mkono, na sentensi moja ya ushahidi unaoipinga. Asiye na sentensi ya nne hajamaliza kazi.

Familia nzima: mpigieni simu mzee mmoja wiki hii. Msalimuni kwanza kama inavyopasa, kisha mtoto aulize swali moja: "Shikamoo bibi," au "babu, ulipokuwa mdogo walikuwa wakikuita nani, na nani alikupa jina hilo?" Mtoto aandike jibu kama alivyolisikia, bila kuongeza lake. Tutayasoma darasani Jumamosi ijayo.